Wasini usiku: Tamasha la taa lisilo na kiingilio

Na Mwandishi Wetu

Je, mpenzi msomaji, watoto wako wamewahi kuliona giza? Simaanishi giza la umeme kupotea mtaani, ambapo kila mtu hupapasa akitafuta kibiriti huku majirani wakiulizana dirishani kama nao wamepotelewa. Nazungumzia giza kamili, giza la mwezi mwandamo, ambalo ukinyoosha mkono huwezi kuhesabu vidole vyako. Watoto wengi wa Nairobi, Mombasa na Nakuru wamemaliza shule ya msingi bila kulijua. Wamekulia chini ya taa za barabarani, taa za maduka na taa za magari, na nyota wanazozijua ni zile za kwenye vitabu.

Basi iwapo unatafuta mahali pa kuipeleka familia yako likizo ijayo, na mfuko wako si mzito, zingatia kisiwa cha Wasini huko kusini mwa Pwani, katika Kaunti ya Kwale. Wengi hukijua kisiwa hiki kwa sababu ya pomboo, kaa wa kuchemsha na mashua za watalii. Hayo yote ni ya mchana, na aghalabu yana bei yake. Makala haya yanahusu jambo la usiku ambalo halina tikiti, halina jukwaa wala mgeni wa heshima. Ni taa za wavuvi zinazowaka baharini usiku wa giza, kwa makumi, kana kwamba mji mzima umechipuka juu ya maji.

Safari ya kwenda

Ukitoka Mombasa utavuka kivuko cha Likoni, ambako abiria wa miguu halipi hata senti. Ng'ambo utapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga na kupita Ukunda, Msambweni na Ramisi. Hapo Ramisi utaona mashamba ya miwa. Kiwanda cha zamani cha sukari kilifungwa mwaka wa 1988, na ikapita miaka mingi kabla ya kiwanda kipya kuanza kusaga miwa katika eneo hilo. Mbele kidogo, penye kituo cha Kanana, unashuka na kupinda kushoto kuelekea Shimoni. Kutoka Likoni hadi Shimoni ni takriban kilomita 75, na ukianza safari asubuhi utafika kabla ya adhuhuri.

Shimoni ndio mwisho wa barabara. Jina lenyewe limetokana na shimo, yaani pango kubwa la mawe lililo hatua chache kutoka gatini. Wenyeji wanasimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri kupakiwa majahazini kwenda Unguja, biashara ambayo Sultani Barghash alilazimika kuipiga marufuku baharini kwa mkataba aliotia sahihi na Waingereza mwaka wa 1873. Pango hilo linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na ada ndogo unayolipa huwasaidia katika mambo ya jamii. Waingize watoto wako humo mchana, kwani wakishaona giza la pango watayatazama mambo ya usiku kwa macho mengine.

Kutoka gati la Shimoni unakiona kisiwa waziwazi mbele yako. Kuna mashua za watalii na kuna vyombo vya kawaida vinavyobeba wanakijiji, mafuta ya taa, magunia ya unga na madebe ya maji. Uliza chombo cha wenyeji. Kitakugharimu kidogo zaidi na utapata mazungumzo bure.

Kisiwa kisicho na magari

Wasini ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita chache tu. Upande wa magharibi kuna kijiji cha Wasini chenyewe na upande wa mashariki kuna Mkwiro. Wakazi wake wengi ni Wavumba, Waswahili ambao asili yao inahusishwa na mji wa kale wa Vumba Kuu, karibu na Vanga. Hakuna barabara wala gari. Vichochoro vyake ni vya mchanga na mawe ya matumbawe, na mlio utakaousikia ni wa jogoo, watoto wa chuoni, au adhana.

Aidha hakuna mto wala chemchemi. Kwa miaka mingi maji matamu yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabirika, au yale yaliyoletwa kwa chombo kutoka bara. Kwa hiyo mgeni mwenye adabu haogi kama yuko hotelini, na hubeba maji yake ya kunywa.

Mchana una mengi ya kutazama. Kuna makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka Uchina, ushahidi kwamba kisiwa hiki kidogo kilifanya biashara na dunia karne nyingi kabla ya watalii. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, mawe yenye maumbo ya ajabu ambayo zamani yalikuwa chini ya bahari na sasa yamesimama nchi kavu miongoni mwa mikoko. Akina mama wa kijiji ndio wanaoitunza, nao wamejengewa daraja la mbao la kupitia.

Ifikapo alasiri utaona jambo moja. Mashua za watalii zinaanza kurudi. Waliokuja asubuhi kuogelea Kisite na kula kaa wanafunga virago, na jua linapoelekea bara, karibu wageni wote wamekwisha kuondoka. Kisiwa kinabaki na wenyewe. Hapo ndipo wewe uliyeamua kulala unapata kile ambacho wenzako hawatakiona.

Taa zinapowaka

Chagua usiku wa mwisho wa mwezi au wa mwandamo. Kwa wanaofuata kalenda ya Kiislamu ni kuanzia tarehe 24 hivi hadi tarehe 3 au 4 ya mwezi unaofuata. Wasiofuata wanaweza kutazama kalenda yoyote inayoonyesha hali ya mwezi. Mwombe mwenyeji wako akupatie kijana anayeijua njia, kisha mtembee hadi upande wa kusini wa kisiwa, unaotazama visiwa vya Mpunguti na bahari kuu. Vaeni viatu, kwani mawe ya huko yanakata kama wembe. Mkifika, zimeni tochi zote.

Mwanzo hutaona chochote. Watoto watalalamika. Waambie wasubiri. Macho ya binadamu huhitaji karibu nusu saa ili yazoee giza barabara, na hilo ni somo la sayansi ambalo darasani halieleweki vizuri. Polepole anga litajitokeza. Utauona ule ukanda mweupe wa nyota unaokata mbingu toka upande hadi upande, na miezi ya kaskazi utakiona Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitumia kujua majira ya kupanda.

Kisha itatokea taa ya kwanza, mbali, karibu na mstari wa bahari na mbingu. Utaidhania nyota inayochomoza. Itafuata ya pili, ya tatu na ya nne. Baada ya muda hutaweza kuhesabu. Nyingine ni nyeupe kali, nyingine zina rangi ya manjano, na kila moja ina mkia mrefu wa nuru unaotetemeka juu ya maji. Zinapanda na kushuka pamoja na mawimbi. Wakati mwingine taa moja inazimika ghafla, kisha inawaka tena pengine kabisa. Watoto wataanza kukisia: ile ni chombo gani, ile inaenda wapi, mbona zile tatu zinasogeleana?

Karibu na miguu yenu kuna taa nyingine. Usiku wa mwezi mwandamo ni wa bamvua, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne za usiku. Mwamba hubaki mtupu. Utaona watu wachache wakitembea juu yake na tochi au taa ya mkono, wameinama, wakitafuta kitoweo kwenye vidimbwi. Kutoka juu wanaonekana kama vimulimuli wanaotembea kwa utaratibu.

Na kama una bahati, maji yenyewe yatawaka. Mtoto akitia mkono kwenye kidimbwi na kukoroga, cheche za buluu huweza kuruka. Si uchawi wala si mashetani ya bahari. Ni viumbe vidogo mno wanaotoa mwanga wakisumbuliwa, na mwanga huo hauonekani mahali penye taa za umeme.

Hakuna aliyeandaa onyesho hili kwa ajili yako. Ndiyo maana ni la bure. Lakini lisiwe la bure hata tukasahau kuwauliza walio chini ya taa zile wanafanya nini.

Kazi iliyo chini ya taa

Zile taa ni vyombo vya kazi. Wavuvi wa pwani hii, pamoja na wenzao wa Pemba na Tanga walio upande wa pili wa mpaka, hutumia taa kuvua samaki wadogo wanaotembea kwa makundi: dagaa, simu na wengineo. Simu huyu si wa mkononi, msomaji. Ni samaki mdogo mwenye rangi ya fedha, na ni chakula cha wengi ambao hawawezi kumnunua nguru wala changu.

Utaratibu wake ni huu. Chombo kinatia nanga jua likishazama na taa inawashwa ukingoni. Mwanga unawavuta viumbe wadogo mno wa majini. Dagaa wanawafuata viumbe hao ili wawale. Samaki wakubwa kidogo nao wanawafuata dagaa. Wavuvi wanakaa kimya, pengine kwa saa nyingi, wakiangalia maji yanavyobadilika rangi chini ya taa. Wakiona kundi limekuwa zito, wavu unazungushwa polepole, unafungwa chini, na kuvutwa. Ile taa uliyoiona ikizimika ghafla na kuwaka pengine huenda ilihama kwa sababu mahali pa kwanza hapakuwa na kitu.

Hii ndiyo sababu mwezi mkubwa ni likizo ya mvuvi wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, bahari nzima ina mwanga na samaki hawana haja ya kukusanyika mahali pamoja. Siku hizo wavuvi hushona nyavu, hutengeneza mashine na kulala na familia zao. Giza likirudi, nao wanarudi kazini. Kwa hiyo giza ambalo sisi wa mjini tunaliogopa, kwao ni mtaji.

Zamani taa yenyewe ilikuwa karabai, ile ya kupampu iliyotumia mafuta ya taa na kuvuma kama nyuki. Wazazi wengi wanaikumbuka kutoka kwenye harusi na ngoma za kijijini. Mafuta yalipopanda bei, na taa ndogo za betri zilipopatikana kwa urahisi, wavuvi wengi walihama. Taa za betri ni nyeupe zaidi na haziogopi upepo. Ndiyo sababu baharini utaona rangi mbili.

Alfajiri vyombo vinarudi. Ukiamka mapema na kuvuka hadi Shimoni, au kwenda penye bandari yoyote ndogo ya karibu, utaona mwisho wa hadithi. Samaki wanapimwa. Tajiri mwenye chombo na nyavu anachukua fungu lake, mafuta yanakatwa, na kinachobaki wanagawana mabaharia. Akina mama wachuuzi, wanaojulikana Pwani kama mama karanga, wanangoja na ndoo zao ili wanunue, wakaange na kuuza mitaani kabla ya shule kufunguliwa. Ukiona mtoto wa Msambweni anakula dagaa kwa ugali, ujue chakula kile kilianzia kwenye taa ulizozitazama usiku ukifurahi.

Taa za Otaru

Nakuomba sasa tuvuke bahari twende mbali, Japani, kwa sababu kuna mji mmoja huko ambao hadithi yake inatuhusu.

Mji huo ni Otaru, ulio kando ya bahari katika kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, si mbali na Sapporo. Kila mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefunika kila kitu, wakazi wa Otaru huwasha mishumaa kwa siku kadhaa. Tamasha hilo lilianza mwaka wa 1999, na jina lake, linalomaanisha njia ya mwanga wa theluji, lilitokana na diwani ya mashairi ya mwandishi Ito Sei, aliyekulia mjini humo. Hakuna kiingilio. Wanaojitolea, wakiwemo wageni kutoka nchi za nje, hufinyanga theluji kuwa vibanda vidogo vya kuwekea mishumaa kando ya njia ya reli isiyotumika tena. Na katika mfereji wa mji, uliomalizika kujengwa mwaka wa 1923, mishumaa huelea juu ya maji ndani ya tufe za kioo.

Tufe hizo za kioo ni nini? Hapo ndipo penye jambo. Ni maboya ya nyavu. Kabla ya plastiki, wavuvi wa Japani walitumia tufe za kioo zenye uwazi ndani ili kuzielesha nyavu zao, na mafundi wa kioo wa Otaru walizitengeneza kwa wingi, pamoja na taa za mafuta. Wateja wao walikuwa wavuvi wa heringi. Heringi ni jamaa wa karibu wa simu wetu, naye alivuliwa Hokkaido kwa wingi usioaminika. Mwishoni mwa karne ya 19 waliovuliwa kwa mwaka mmoja walikaribia tani milioni moja. Majumba makubwa yalijengwa kwa pesa za samaki huyo. Wengine walisindikwa kuwa mbolea ya mashamba.

Kisha heringi wakapungua, mwaka baada ya mwaka. Walivuliwa kupita kiasi, na bahari nayo ilibadilika joto. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 makundi makubwa yalikuwa yametoweka kwenye pwani ile. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Maboya ya kioo yalikosa kazi. Mafundi waliosalia waligeukia mapambo na zawadi za watalii, na leo boya lililokuwa likishika wavu linashika mshumaa.

Tamasha la Otaru ni zuri, na watu wake wanastahili sifa kwa kuukumbuka uvuvi wao kwa heshima kiasi hicho. Tena hawakuishia kwenye kukumbuka. Tangu miaka ya 1990 Hokkaido imekuwa ikiachilia vifaranga wa heringi baharini na kuwataka wavuvi watumie nyavu zisizokamata wadogo, na makundi kiasi yameanza kuonekana tena. Lakini imechukua miongo mingi, na fahari ya zamani haijarudi.

Sasa linganisha na Wasini. Kule, taa huwashwa na watu wanaowakumbuka samaki. Huku, taa huwashwa na watu wanaowavua. Tofauti hiyo ndiyo utajiri wetu, nayo inaweza kutuponyoka.

Ili taa zisigeuke kumbukumbu

Wavuvi wa Kwale wenyewe wanajua kuwa bahari si ghala lisilokwisha. Kwa miaka mingi kumekuwa na mjadala mkali baina yao kuhusu nyavu kubwa za kuzungushia. Wanaozitumia wanasema ndizo zinazowafikisha kwenye maji marefu, ambako samaki wapo na mwamba hauharibiwi. Wanaotumia mishipi, madema na mitumbwi midogo wanalalamika kuwa nyavu hizo huja karibu na miamba, hukomba hata wachanga, na kushusha bei sokoni kwa siku moja. Pande zote mbili zina watoto wa kulisha.

Sheria zipo. Nyavu za kukokota ufuoni, yaani juya, na bunduki za mishale zilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001. Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kwa jina BMU, jukumu la kusimamia bandari ndogo pamoja na serikali. Mwaka wa 2016 ikaja sheria mpya ya uvuvi. Katika bahari iliyo mbele ya Wasini, eneo la Kisite limehifadhiwa na haliruhusu uvuvi wowote, ilhali Mpunguti wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia za asili. Ukitazama usiku utaona wazi kwamba taa haziko kila mahali. Pale penye giza pana ndipo samaki wanapoachwa wazaliane, na faida yake huwafikia walio nje ya mipaka.

Mambo mengine yanakuja. Katika miaka ya 2020 serikali ilianzisha mradi wa bandari ya uvuvi Shimoni, kwa nia ya kupokea vyombo vikubwa na kusindika samaki. Wako wanaotumaini kazi kwa vijana, na wako wanaohofia kwamba meli kubwa zitammeza mwenye mtumbwi. Jibu litategemea jinsi sheria zitakavyosimamiwa, na kama mvuvi wa karabai atapewa kiti mezani wakati wa kuamua.

Mgeni naye ana sehemu yake. Kwa muda mrefu pesa ya utalii imefika Wasini saa nne asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri. Mnamo 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nchi, mashua za watalii zililala gatini. Kwa familia nyingi za pwani hii bahari ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo. Mgeni anayelala kisiwani hukodi chumba, hununua chakula cha jioni na cha asubuhi, humlipa kijana wa kumwongoza na kununua samaki wa kubeba nyumbani. Fedha hizo huingia moja kwa moja nyumbani kwa watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na hapa methali hiyo ina hesabu yake.

Iwapo umeamua kwenda

Nenda miezi ya kaskazi, baina ya Novemba na Machi, bahari ikiwa shwari. Likizo ya Desemba inafaa sana. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa na taa huwa chache, hivyo usikate tamaa ukiziona mbili au tatu tu.

Vuka mapema, kabla ya jua kuzama, na uhakikishe kila mmoja wenu, hasa mtoto, amevaa jaketi la kuokolea. Tafuta mahali pa kulala kwa kuuliza gatini au kijijini. Kuna nyumba za wageni za kawaida. Lala ndani ya chandarua, maana mbu wa Pwani hana mgeni.

Beba maji ya kunywa, viatu vigumu, tochi ndogo na leso au kikoi. Hiki ni kisiwa cha Waislamu. Mavazi ya kuogelea yaishie majini, na pombe iache bara. Wafunze watoto kuamkia wakubwa kila wapitapo. Atakayeamkia vizuri ataonyeshwa mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha watalii. Ukienda mwezi wa Ramadhani, kumbuka kuwa kumi la mwisho ni usiku wa giza pia. Kijiji kitakuwa macho hadi daku, na utaona taa za nyumba na misikiti nyuma yako na taa za wavuvi mbele yako. Lakini mchana usile hadharani.

Ukiwa kwenye mawe usimulike tochi kuelekea baharini, na usimpige mtu picha bila idhini. Usiombe kuchukuliwa na vyombo vya kazini usiku. Watu wako kazini kwa wavu na kamba, na mtoto anaweza kuzidiwa au kujikwaa. Yatazame kutoka nchi kavu. Asubuhi, nunua dagaa. Anika, kaanga, au tia nazi, wao wenyewe watakuelekeza.

Mkirudi nyumbani, msomaji, watoto watawasimulia wenzao kuhusu mji uliochipuka juu ya maji. Wape na sehemu ya pili ya habari: kwamba chini ya kila taa kulikuwa na baba ya mtu, amekaa kimya, anangoja samaki aliye mdogo kuliko kidole. Tukimlinda samaki huyo, watoto wao nao watakuja Wasini kuzitazama taa zile zile, zikiwa bado kazini.